Joto na Ng'ombe Wanaononeshwa Zizini

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa na mfugaji mmoja wa nyanda za chini za Kenya mbele ya wafugaji, wachinjaji na wachukuzi wa mifugo.)

Nimeombwa niseme nanyi leo juu ya joto, na namna ya kuwapunguzia taabu yake ng'ombe tunaowafunga zizini ili wanone. Naona wengine wenu mnatabasamu. Labda mnajiuliza moyoni, "Ng'ombe na joto, kuna jambo gani jipya hapo? Baba zetu walichunga katika jua hili hili." Ni kweli. Lakini baba zetu hawakuwafunga ng'ombe mchana kutwa. Ng'ombe wa malishoni akiona joto huenda kusimama chini ya mgunga, au hushuka mtoni, au hula majani alfajiri na jioni na kupumzika adhuhuri. Ng'ombe wa zizini hana shauri lake mwenyewe. Mahali tulipomweka ndipo atakapokaa, na saa tunayompa chakula ndiyo saa atakayokula. Basi tukimfunga, akili aliyokuwa akiitumia yeye hapana budi tuitumie sisi kwa ajili yake.

Mambo nitakayowaambia sikuyapata kwa kusoma tu. Mengine nimeyanunua, na bei yake ilikuwa kubwa. Sipendi kusimulia habari hii, walakini nitaisimulia, maana huenda ikamwokolea mwingine mali yake.

Mwaka ule nilikuwa na maksai 24 katika zizi langu upande wa Voi. Kumi na wanne walikuwa Boran, na kumi walikuwa chotara wenye damu ya ng'ombe wa Ulaya, weusi, wakubwa, walionona hata migongo yao ikawa kama meza. Chakula chao nilikinunua kwa fedha za mkopo. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuwaona, akaniahidi kuja kuwachukua baada ya siku kumi. Ulikuwa mwezi wa Machi. Kwa siku tatu jua lilichoma, na usiku nao haukupoa. Usiku wa tatu ikanyesha mvua kidogo, nami nikafurahi, nikidhani joto limevunjika. Kumbe sivyo. Asubuhi jua lilitoka kali kuliko jana, ardhi ikatoa mvuke, na upepo ukakoma kabisa, hata jani halikutikisika.

Siku hiyo ndiyo niliyoichagua kuwapima uzito ng'ombe wangu. Tulianza saa nne asubuhi, tukawasukuma na kuwarudisha mpaka saa saba mchana. Kisha, kwa kuwa walikuwa hawajala, nikawajazia hori mahindi ya kusagwa na pumba, nikaenda zangu nikiona nimefanya kazi njema.

Jioni mchungaji wangu, mzee aliyekaa na ng'ombe tangu utoto wake, akanijia mlangoni. Akasema, "Mwanangu, wale weusi hawacheui wala hawalali. Wamesimama tu wanatweta." Nikamjibu, "Mzee, jua limekwisha kutua. Tuwaache, watapoa wenyewe." Mzee hakusema neno. Akaichukua taa yake akarudi zizini.

Saa nne usiku maksai wa kwanza alianguka. Kulipopambazuka walikuwa wamekufa watatu, wote weusi, wote katika wale walionona kupita wenzao. Afisa wa mifugo alipokuja akawachunguza, akaniambia wameuawa na joto. Nikamwuliza, "Bwana Afisa, iweje? Wamekufa usiku, na joto lilikuwa la mchana." Akanijibu, "Ng'ombe hukopa joto mchana, hulilipa usiku. Hawa wako deni liliwazidi."

Neno hilo sijalisahau, nami naomba nanyi mwende nalo nyumbani, maana shauri lote nitakalowapa leo latoka katika neno hilo moja. Sikilizeni maana yake.

Mwili wa ng'ombe mzima huwa na joto la digrii 38 na nusu hivi. Joto humjia kutoka pande mbili. Upande mmoja ni nje: jua lililo juu yake, na ardhi iliyo chini yake, ambayo jua likiichoma huwaka hata mtu hawezi kuikanyaga bila viatu. Upande wa pili ni ndani. Tumbo kubwa la ng'ombe ni kama chungu kilicho jikoni. Chakula huchachuka humo na kutoa joto, na joto hilo hufika kilele saa nne mpaka sita baada ya kula. Nami niliwapa chakula chao saa saba mchana. Hesabuni wenyewe saa ambayo jiko lile la ndani liliwaka kwa nguvu.

Ng'ombe hatoki jasho jingi kama mtu. Husaidiwa pia na pumzi, ndiyo sababu twamwona akitweta. Mchana wa joto kali hawezi kulitoa joto lote lililomwingia, kwa hiyo huliweka mwilini akingojea usiku. Usiku ukiwa na baridi na upepo, hulitoa kwa muda wa saa kadhaa, na asubuhi huanza siku yake hana deni. Lakini usiku ukiwa wa joto, wenye unyevu na bila upepo, huamka na deni la jana na kulichukua pamoja na la leo. Siku ya tatu au ya nne mzigo humshinda. Kwa sababu hiyo mara nyingi haiwi siku yenye jua kali kupita zote iletayo maafa, bali ni ile ifuatayo usiku kadhaa zisizopoa, hasa mvua ikinyesha kidogo kisha jua likatoka na upepo ukafa.

Tena msidhani mambo haya hutupata kwa sababu kazi hii ya kunonesha ng'ombe zizini tumeianza juzi. Huko Marekani, ambako ng'ombe maelfu kwa maelfu hufungwa katika mazizi ya wazi na kulishwa mahindi, wamekwisha kuonja uchungu huo mara nyingi. Mwezi wa Juni mwaka 2022, katika jimbo la Kansas, joto lilipita digrii 38, unyevu ukazidi, upepo ukapungua, na usiku haukupoa. Kwa siku chache wakafa ng'ombe wasiopungua 2,000. Wenye mazizi yale ni watu wenye ujuzi, wenye madaktari na mitambo. Hata hivyo joto liliwashinda.

Lakini habari ya jimbo jingine la huko, Iowa, ina mafunzo zaidi kwetu. Mwezi wa Julai mwaka 1995 lilipita joto kali, likaua maelfu ya ng'ombe. Baadaye wataalamu waliwauliza wafugaji wa upande wa magharibi wa jimbo hilo hasara waliyoipata. Katika mazizi yasiyo na kivuli walikufa karibu ng'ombe 5 katika kila 100. Katika mazizi yenye kivuli walikufa 2 katika kila 1,000. Jua lilikuwa lile lile na siku zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa paa.

Basi neno la kwanza ni kivuli. Kila ng'ombe apate mita mbili mpaka nne za mraba. Kwa ng'ombe 24 kama wangu, banda la mita 6 kwa 12 latosha. Paa liwe juu, mita tatu au zaidi, ili upepo upite chini yake. Na pande zote ziachwe wazi, maana ng'ombe aliyezungushiwa kuta hupata kivuli lakini hukosa hewa. Urefu wa banda uelekee kaskazini na kusini, ili kivuli kisogee kadiri jua linavyokwenda, na ardhi ipate kukauka. Si lazima kutumia fedha nyingi. Makuti au nyasi juu ya nguzo za miti hufaa sana, wala hazichomi kama mabati. Mwenye mabati ayaezeke nyasi juu, au ayapake rangi nyeupe.

Neno la pili ni maji. Maksai mkubwa wakati wa joto aweza kunywa lita 70 kwa siku, na pengine zaidi. Kwa ng'ombe 24 hizo ni karibu lita 1,700 kila siku. Asiyeweza kupata maji hayo katika miezi ya joto kali na apunguze hesabu ya ng'ombe wake kabla miezi hiyo haijafika. Tena haitoshi maji kuwapo; hapana budi kila mnyama ayafikie. Katika joto ng'ombe wote huja birikani kwa wakati mmoja, na wenye nguvu husimama pale wasiondoke. Ukingo wa birika uwe na nafasi ya upana wa vidole vinne kwa kila ng'ombe aliye zizini. Ni afadhali kuwa na mabirika mawili yaliyo mbalimbali kuliko moja kubwa. Bomba nalo lifunikwe udongo, maana maji yaliyochemka juani hayampozi mnyama.

Neno la tatu ni saa ya chakula, nalo halina gharama hata senti moja. Siku za joto wapeni ng'ombe theluthi ya chakula asubuhi mapema, na theluthi mbili jioni, jua linapokuwa limepoa. Hivyo jiko la tumboni litawaka usiku, wakati hewa ya nje inaposaidia kulizima. Lakini msingojee siku ya hatari ndipo mbadilishe saa. Anzeni siku kadhaa mbele, ili ng'ombe wazoee, wala msiwanyime chakula kwa siku nzima na kisha kuwamwagia kingi kwa mara moja, maana hapo mtaponya joto na kuleta ugonjwa wa tumbo.

Neno la nne ni kazi. Kupima uzito, kudunga sindano, kuogesha dawa ya kupe, kupakia lori, yote hayo na yafanywe alfajiri, na yawe yamekwisha kabla ya saa tatu au saa nne asubuhi. Mnyama akisukumwa tu joto la mwili wake hupanda. Wengine hudhani jioni ni wakati mzuri, kwa kuwa jua limetua. Hilo ndilo kosa langu mimi. Jioni ndipo ng'ombe anapokuwa na deni kubwa kuliko saa nyingine yoyote. Mwacheni alilipe.

Neno la tano ni kunyunyizia maji. Hili hufaa, lakini likifanywa vibaya hudhuru. Matone yawe makubwa, yalowanishe manyoya mpaka ngozini, kwa dakika chache. Kisha maji yasimamishwe ili upepo umkaushe mnyama, maana maji yanapokauka ndipo yanapochukua joto. Ukungu mwembamba usiofika ngozini huongeza unyevu wa hewa tu, na mahali pasipo upepo huzidisha taabu. Anzeni asubuhi kabla ng'ombe hawajatweta, wala msianze adhuhuri walipokwisha kulemewa. Mwenye maji machache asiyamwage juu ya migongo kabla ya kujaza birika. Ama sivyo alowanishe kidogo sehemu kavu ya ardhi wanapolala, asubuhi au usiku, bila kufanya tope.

Neno la sita ni upepo na usafi. Magugu marefu, marundo ya majani na kuta zilizo karibu na zizi huzuia hewa. Ziondolewe. Samadi nayo ikizidi huweka unyevu na kuzaa nzi, na ng'ombe wanaoumwa na nzi hukusanyika pamoja kifua kwa kifua, kila mmoja akimtia mwenzake joto. Zoleni samadi kabla ya mvua.

Neno la saba ni kabila la ng'ombe. Twapaswa kumshukuru Mungu kwa Boran wetu. Ngozi yake iliyolegea, manyoya yake mafupi yang'aayo, na wingi wa vinyweleo vyake vya jasho humfanya astahimili joto kuliko ng'ombe wa Ulaya. Boran wangu 14 walitweta usiku ule, lakini asubuhi waliamka. Chotara hukua upesi na kupendeza macho, lakini akiwa mweusi, na mnene, na karibu kuuzwa, ndiye wa kwanza kuanguka. Mwenye kivuli kidogo na ampe huyo. Tena tusichukue shauri la mahali pa baridi tukalipeleka mahali pa joto bila kufikiri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walifanya majaribio ya kunonesha ng'ombe huko Lanet, karibu na Nakuru. Lanet ni nchi ya juu, na usiku kuna baridi. Huko ng'ombe hulipa deni lake kila usiku. Voi na Kilifi sivyo.

Sasa mtauliza, "Tutajuaje kwamba hatari imekaribia?" Hesabuni pumzi. Simama mbali kidogo usimshtue mnyama, tazama ubavu wake unavyopanda na kushuka, ukihesabu kwa dakika moja nzima. Ikiwa pumzi hazijafika 90, hana neno. Zikiwa 90 mpaka 110, jihadharini. Zikiwa 110 mpaka 130, amekwisha kuingia katika hatari. Zikipita 130, kinywa kikawa wazi, ulimi ukatoka nje na ute ukadondoka, roho yake imo mashakani. Hesabu ya mchana ni nzuri, lakini iliyo bora ni ile ya saa kumi na moja alfajiri. Ng'ombe anayetweta alfajiri hajalipa deni la jana, na jua la leo liko njiani. Siku hiyo kazi yote na iachwe, na maji yatengenezwe mapema. Sikilizeni pia habari za Idara ya Hali ya Hewa. Wanaposema joto litazidi na mvua ziko karibu, hayo yawahusu wenye mazizi kama yanavyowahusu wenye mashamba.

Mnyama akianguka, msimpige wala msimwendeshe mbali. Mwekeeni kivuli hapo hapo alipo, mmwagieni maji mengi mwilini, ampepee mtu, awekewe maji ya kunywa karibu, na daktari wa mifugo aitwe. Akifa, mzoga usiuzwe wala usigawiwe majirani. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe ni hatari, na maradhi mengine yauayo ghafula, kama kimeta, mtu hawezi kuyatenga na joto kwa macho tu. Mimi niliwazika wale watatu, nami nakiri kwamba palikuwa na watu waliotaka kuwanunua.

Kwenu ninyi mabwana wa mjini, wachinjaji na wenye malori, nina neno moja. Ng'ombe asipokufa zizini aweza kufa njiani, au kufika machinjioni amepungua uzito ambao mfugaji aliulisha kwa miezi mitatu. Msipakie adhuhuri. Safirini usiku au alfajiri, wala msisimamishe lori lililojaa juani ili dereva ale chakula. Likienda lina upepo; likisimama ni tanuru.

Mabibi na Mabwana, mkopo wangu niliulipa, lakini ilinichukua mwaka mzima zaidi, na mnunuzi yule alikwenda kwa mwingine. Banda la makuti nililolijenga baadaye lilinigharimu chini ya bei ya maksai mmoja katika wale watatu. Tangu siku hiyo sijapoteza ng'ombe kwa joto, ijapokuwa miaka ya joto imekuja zaidi ya mmoja.

Yule mzee bado yuko nami. Sikumwomba radhi mara moja, aibu ilinizuia. Siku moja ya kaskazi nilikwenda zizini alfajiri nikamkuta amesimama gizani na taa yake, midomo ikicheza. Nikadhani anasali. Akanyosha mkono nisiongee, akamaliza, kisha akaniambia, "Themanini na mbili, mwanangu. Wamelala vizuri." Hapo ndipo nilipomwomba radhi. Akacheka, akasema ng'ombe walikuwa wamenisamehe zamani.

Nendeni nanyi mkahesabu.